Shajara ya mradi: modeli ndogo ya asidi na besi katika pua yenye sistiki faibrosisi

Jumatatu

Leo tumefungua faili. Mradi ni mdogo: lahajedwali ya kukokotoa pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) ya kimiminiko chembamba kinachofunika ukuta wa ndani wa pua, kisha ukurasa wenye vitelezi ambao mwanafunzi wa uuguzi au wa maabara anaweza kuuchezea na kuona mtu mwenye sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute uwe mzito, anapotelewa wapi na uwiano wa asidi na besi. Mwenzangu kabeba michoro, mimi nimebeba hesabu.

Kwa nini pua, wakati mapafu ndiyo yanayoua? Kwanza, seli zinafanana kwa sehemu kubwa: zipo zenye silia, yaani vinyweleo vinavyosogeza ute, zipo zinazotoa ute, na ipo CFTR, protini ambayo jeni yake ilipatikana mwaka 1989 kwenye kromosomu ya 7. Pili, pua inafikika bila kumlaza mtu usingizi. Mwaka 1981 Michael Knowles na wenzake walionyesha kwamba volteji inayopimwa kwenye utando wa pua wa wagonjwa hawa ni hasi zaidi kuliko ya watu wengine, na tangu hapo pua imekuwa dirisha la kuuchungulia ugonjwa. Tena pua yenyewe inaumwa. Karibu kila mgonjwa ana sainasi zenye matatizo, na wengi huota vinyama puani.

CFTR hujulikana zaidi kama mfereji wa kloridi, na vitabu vingi vya shule huishia hapo: kloridi haitoki, maji hayafuati, ute unakauka. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaacha nusu ya habari. Mfereji huohuo hupitisha baikaboneti, na baikaboneti ndiyo besi kuu ya mwili. Mwaka 1992 Jeffrey Smith na Michael Welsh walionyesha kwamba seli za njia ya hewa zilizooteshwa maabara hutoa baikaboneti zikichochewa, na kwamba seli za wagonjwa hazifanyi hivyo. Nusu hiyo iliyoachwa ndiyo tunayoitaka.

Tumeandika sentensi moja juu ya faili ituongoze: pua ya mgonjwa haizalishi asidi ya ziada, besi ndiyo haifiki. Ni mizani iliyoondolewa jiwe upande mmoja. Upande wa pili umeshuka bila kuongezewa chochote.

Jumatano

Kanuni ya kuanzia ni ile ya Henderson na Hasselbalch. pH ni 6.1 kujumlisha logi ya baikaboneti iliyogawanywa kwa kaboni dioksidi iliyoyeyuka. Kaboni dioksidi ikiwa na mgandamizo wa milimita 40 za zebaki, kama ilivyo kwenye damu ya ateri, iliyoyeyuka ni milimoli 1.2 kwa lita. Damu ina baikaboneti milimoli 24 hivi. Gawanya, unapata 20. Logi yake 1.3, jumla 7.4. Hiyo ndiyo pH ya damu, kwa hiyo hesabu imekaa.

Sasa nikaanza kupunguza baikaboneti kwa nusu na nusu, kaboni dioksidi ikibaki palepale. Milimoli 12 inatoa pH 7.1. Milimoli 6, pH 6.8. Milimoli 3, pH 6.5. Kila ukikata nusu, pH inashuka kwa 0.3, hata kama kilichokatwa ni kidogo mno. Kutoka 24 hadi 12 umepoteza milimoli 12. Kutoka 3 hadi 1.5 umepoteza moja na nusu tu, na mshuko ni uleule. Nimempigia mwenzangu mstari hapo kwa rangi nyekundu, maana baadaye ndipo tutakapojibu swali la panya: kwa nini wakikosa CFTR mapafu yao hayaugui kama ya binadamu.

Kingine cha leo ni ujazo. Tabaka linalozunguka silia lina unene wa mikromita 7 hivi. Chukua sentimita moja ya mraba ya ukuta wa pua, zidisha, unapata mikrolita 0.7 za kimiminiko. Ni kidogo kiasi kwamba ukikitia kwenye ncha ya pipeti ndogo kabisa ya maabara huwezi kukiona vizuri. Ndani ya mikrolita hizo 0.7, baikaboneti ya milimoli 12 kwa lita ni nanomoli 8.4 tu. Akiba ya aina hiyo haimfikishi mtu mbali. Seli ikiacha kutoa besi kwa saa chache, hakuna ghala la kuazima.

Kwa hiyo modeli haiwezi kuwa ya kiasi kilichotulia. Lazima iwe ya mtiririko: nini kinaingia kwa saa, nini kinatoka.

Alhamisi

Nimeweka mitiririko mitatu.

Wa kwanza ni baikaboneti kupitia CFTR. Nimeupa nanomoli 4 kwa kila sentimita ya mraba kwa saa. Wa pili ni protoni, yaani chembe za asidi, zinazosukumwa nje na pampu ya ATP12A, jamaa wa pampu inayotia asidi tumboni. Yenyewe hutoa protoni na kuingiza potasiamu. Hiyo nimeipa 10. Wa tatu ni uvujaji kati ya seli na seli: baikaboneti ya damu hupenya kuja juu kulingana na tofauti ya ukolezi, na kila tofauti ya milimoli moja nimeihesabia nanomoli 0.5. Namba hizi ni za kuchezea, nimezichagua ili tabia ya mfumo ionekane, na kwenye ukurasa zitaandikwa hivyo kwa herufi kubwa.

Matokeo mfumo ukitulia: CFTR ikiwepo, baikaboneti inakaa kwenye 12, pH 7.1. Nikiifunga CFTR bila kugusa kingine, baikaboneti inashuka hadi 4, pH 6.6. Mshuko ni karibu nusu nzima ya kipimo, na pampu ya asidi haikuongezwa hata chembe. Safari yenyewe ni ya haraka: chini ya saa moja na nusu, karibu theluthi mbili ya mshuko umeshatimia. Ujazo mdogo ndio unaoharakisha.

Kisha panya. Panya waliondolewa CFTR tangu miaka ya 1990, lakini mapafu yao hayapati ugonjwa kama wa binadamu, na jambo hilo lilisumbua watafiti kwa miaka mingi. Jibu mojawapo lilitoka mwaka 2016, katika kazi ya Viral Shah na wenzake kwenye maabara ya Welsh: njia za hewa za panya zina ATP12A kidogo sana, ilhali za binadamu na nguruwe zinayo. Walipowatia panya wasio na CFTR pampu hiyo, kimiminiko chao kikawa na asidi na bakteria wakaongezeka. Upande wa pili, walipoizuia pampu kwenye seli za binadamu na za nguruwe wasio na CFTR, pH ilipanda.

Nikateremsha pampu kutoka 10 hadi 2. CFTR ikiwepo, pH 7.47. Ikifungwa, 7.32. Tofauti ni 0.15 tu, ingawa baikaboneti iliyopotea ni ileile nanomoli 4 iliyomshusha binadamu kwa karibu 0.5. Ule mstari mwekundu wa Jumatano umelipa. Panya anapoteza besi akiwa juu ya ngazi ya logi, binadamu anaipoteza akiwa chini, ambako kila tone lina uzito. Mwenzangu alitazama grafu mbili zikiwa zimepangwa sambamba, akasema, "Kumbe panya haponi, ila hana wa kumsukuma." Sentensi yake nimeiweka chini ya grafu vilevile ilivyo.

Jumamosi

Siku ngumu. Hadi hapa nimekuwa nikipata pH za karibu na 7, ambazo zinafaa njia za hewa za ndani. Pua haiko hivyo. Pua ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida iko kati ya 5.5 na 6.5. Na kipimo ninachokitegemea zaidi katika mradi huu kiko chini vilevile: mwaka 2014 Mahmoud Abou Alaiwa na wenzake, katika utafiti mdogo wa majaribio, walipima pH kwenye pua za watoto wachanga. Wasio na ugonjwa walikuwa na wastani wa 6.4, wenye sistiki faibrosisi 5.2.

Tofauti ya 1.2 kwenye logi ni karibu mara 16 kwa wingi wa protoni huru. Hata hivyo protoni hizo huru zenyewe ni chache mno: kwa pH 6.4 ni mikromoli 0.4 kwa lita, kwa 5.2 ni mikromoli 6.3. Wingi wa asidi hauonekani kwa kuhesabu protoni zinazoelea. Unaonekana kwa kuhesabu nani anazishika.

Nikaigeuza kanuni. Kwa pH 6.4, baikaboneti ni milimoli 2.4 kwa lita. Kwa 5.2, ni 0.15. Yaani pua ya kichanga mgonjwa, kwa kadiri ya kanuni hii, haina baikaboneti ya kutajika. Nikajaribu kuilazimisha modeli ifike huko kwa kuongeza pampu hadi 14.8: ikiwa na CFTR ilitulia kwenye 6.4 sawasawa, na ilipofungwa CFTR ikadai baikaboneti ya hasi 5.6. Namba hasi hapo ina maana yake. Inasema besi ya baikaboneti imekwisha, na bado asidi inaingia, basi kuna bafa nyingine, yaani kitu kingine cha kuzishika protoni ili pH isiyumbe, lazima ibebe mzigo. Na zipo: protini za kwenye kimiminiko, musini (protini zinazoufanya ute uwe ute), fosfeti kidogo.

Kwa hiyo modeli ya pua imepata sehemu mbili ambazo ile ya mapafu haikuzihitaji. Bafa ya pili, isiyo ya baikaboneti, inayoanza kubeba mzigo pH ikishuka chini ya 6.5. Na pampu inayopungua kasi kadiri upande wa nje unavyozidi kuwa na asidi, kwa sababu kusukuma protoni dhidi ya mlima kunagharimu nishati, na hakuna pampu ya mwili inayopanda mlima usio na mwisho. Sasa nikifunga CFTR grafu inashuka kwa kishindo, kisha inatambaa kwenye tano na ushei bila kuzama. Umbo hilo nalipenda. Linafundisha kwamba chini ya 6 mwili haulindwi tena na baikaboneti, bali na takataka zilizopo.

("Takataka" nimeifuta kwenye ukurasa. Imebaki hapa kwenye shajara.)

Jumatatu

Leo tumelumbana, ila kwa wema. Mwenzangu alitaka ukurasa uandike kwa herufi kubwa: PUA YA MGONJWA INA ASIDI. Nikamwambia haiwezekani kuandika hivyo, maana utafiti uleule wa vichanga uliwapima pia watoto wakubwa na watu wazima, na kwao pH ya pua ya wagonjwa haikutofautiana na ya wenzao. Kabla ya hapo, mwaka 2003, kuna kazi nyingine iliyopima pua za wagonjwa bila kuona tofauti. Na mwaka 2017 kundi la Australia lilitumia kipimo cha nyuzi za mwanga kwenye njia za hewa za watoto wenye ugonjwa, nao hawakukuta asidi ya ziada.

"Basi nadharia imekufa?" akauliza.

Haijafa, ila imepata mipaka. Huku tuna vichanga, watoto wa nguruwe waliozaliwa bila CFTR, na seli kwenye sahani za maabara, ambako asidi huonekana. Kule tuna wakubwa na watoto walioshaishi na ugonjwa, ambako haionekani kirahisi. Kilichobadilika katikati ni inflamesheni: uvimbe na mwasho unaokuja na bakteria na chembe nyeupe za damu. Ikianza, seli za njia ya hewa huongeza protini iitwayo pendrini, inayobadilisha kloridi ya nje kwa baikaboneti ya ndani. Huo ni mlango wa pili wa besi, na hauihitaji CFTR.

Nikaurudia mfumo wa Alhamisi, CFTR imefungwa, nikaongeza pendrini ya nanomoli 3. Baikaboneti ikapanda kutoka 4 hadi 10, pH ikarudi 7.02. Karibu ilingane na ya mwenye afya kwenye mfumo huohuo, 7.1! Ukimpima mgonjwa huyo leo utasema uwiano wake ni salama. Ila amefika hapo kwa kulipia na inflamesheni, na kama asidi ilimfungulia bakteria mlango siku za mwanzo, kurudi kwa pH baadaye hakuwafukuzi waliokwisha kuingia.

Maoni yangu, na nimeyaweka kama maoni: swali "je, ina asidi?" halitoshi bila "akiwa na umri gani, na ukuta wa pua ukiwa katika hali gani". Ukurasa utakuwa na kitelezi cha inflamesheni kando ya kile cha CFTR, na herufi kubwa hazitakuwepo. Mwenzangu amekubali kwa sharti kwamba rangi atachagua yeye.

Jumatano

Sehemu ya madhara. Hapa mwanafunzi atauliza: pH ikishuka, basi? Nani anaumia?

Nimeanzia kwa bakteria, kwa sababu jaribio lake ni zuri kulieleza. Watoto wa nguruwe wasio na CFTR walizalishwa mwaka 2008, na wanapozaliwa mapafu yao hayana maambukizi wala inflamesheni, kwa hiyo unaona kosa la kwanza kabla halijafunikwa na mengine. Mwaka 2012 Alejandro Pezzulo na wenzake walichukua vijiwavu vidogo vya dhahabu, wakavibandika bakteria aina ya Staphylococcus aureus, wakaviweka juu ya ukuta wa njia ya hewa kwa muda mfupi, kisha wakahesabu wangapi wamekufa. Kwa nguruwe wagonjwa walikufa wachache zaidi. Walipoongeza pH kwa baikaboneti, uwezo wa kuua ukarudi. Walipoishusha pH kwa nguruwe wazima, uwezo ukapungua. Silaha zilikuwepo muda wote, kama laisozimu na laktoferini, na wingi wake haukuwa umepungua. Hazifanyi kazi vizuri kwenye asidi, basi.

Uzuri wa vijiwavu ni kwamba bakteria hawawezi kusombwa na silia. Wanachokutana nacho ni kemia ya kimiminiko peke yake.

Ute wenyewe nao. Musini hufungwa ndani ya vifuko vya seli zikiwa zimekunjwa kwa msongamano mkubwa, na kinachozishikamanisha ni kalsiamu pamoja na uasidi wa ndani ya kifuko. Zikitolewa nje, lazima kalsiamu iondoke ili zikunjuke na kujaa maji. Zinavimba mara mamia ya ujazo wake wa awali. Baikaboneti ndiyo inayoing'oa kalsiamu hiyo. Paul Quinton, mtafiti ambaye mwenyewe ana ugonjwa huu na ndiye aliyeonyesha mwaka 1983 kwamba mifereji ya jasho ya wagonjwa haipitishi kloridi, ameishikilia hoja hii kwa miaka. Musini zisipokunjuka, ute unabaki umeshikamana na tezi uliyotoka, nao silia zinaupigapiga bila kuusogeza. Mtu anayepenga kamasi zito kama gundi asubuhi hadi jioni anaujua mwisho wa hadithi hiyo kuliko sisi wenye lahajedwali.

Nilitaka kuongeza SPLUNC1, protini inayozuia mfereji wa sodiamu uitwao ENaC na kushindwa kazi hiyo kwenye asidi, hivyo sodiamu na maji hufyonzwa kupita kiasi. Inaunganisha nusu mbili za habari: ukavu na asidi. Ila kitelezi cha tano kitamzidi msomaji. Nimeiandika kwenye maelezo ya chini ya grafu, mistari miwili.

Ijumaa

Kupumua. Nimekichelewesha kipengele hiki makusudi, kwa kuwa kinavuruga kila kitu kilichotangulia. Hadi sasa kaboni dioksidi imekaa kwenye 40. Lakini puani hewa inaingia na kutoka: ukitoa pumzi, mgandamizo wa gesi hiyo unakaribia 40, ukivuta, unashuka karibu na sifuri. Ukipungua kwa nusu, huku baikaboneti ikibaki ileile, pH inapanda kwa 0.3, ukishuka hadi 10, inapanda kwa 0.6. Yaani tabaka la puani lina wimbi la pH linalokwenda na pumzi.

Ukubwa wa wimbi hilo unategemea nani anabeba bafa. Baikaboneti ikiwa nyingi, gesi ikiondoka pH inafuata. Baikaboneti ikiwa 0.15 na protini ndizo zinazoshika protoni, gesi inaingia na kutoka na pH haitingishiki. Inategemea pia kimeng'enya kinachobadilisha kaboni dioksidi kuwa baikaboneti, kaboniki anhidrasi, maana bila yeye badiliko hilo ni la polepole mno kuifuata pumzi. Kwenye modeli, mgonjwa mwenye CFTR iliyofungwa hupoteza wimbi karibu lote. Grafu ya mtu mwenye afya inapanda na kushuka, ya mgonjwa imenyooka chini. Mwenzangu aliitaka iwe picha ya kwanza kwenye ukurasa. Nimekubali, kwa maandishi chini yake kwamba imechorwa na modeli, si kipimo cha pua ya mtu.

Jumapili

Kitelezi cha dawa. Ivacaftor iliidhinishwa Marekani mwaka 2012, kwanza kwa wenye badiliko la jeni liitwalo G551D, ambamo mfereji unafika mahali pake lakini haufunguki. Mchanganyiko wa elexacaftor, tezacaftor na ivacaftor uliidhinishwa mwaka 2019, nao unawagusa wenye angalau nakala moja ya F508del, badiliko lililo la kawaida zaidi. Kwenye modeli dawa hizi zinarudisha mtiririko wa CFTR, na nimeruhusu asilimia kati ya 0 na 100.

Asilimia 50 inarudisha baikaboneti kutoka 4 hadi 8, pH kutoka 6.62 hadi 6.92. Nusu ya mfereji imenunua zaidi ya nusu ya mshuko. Logi tena.

Wapo wasiosaidiwa na dawa hizo kwa sababu jeni yao haitengenezi CFTR kabisa. Kwao kuna jambo la mwaka 2019 lililonifanya niache nafasi kwenye jedwali: Katrina Muraglia, Martin Burke, Welsh na wenzao walitumia amfoterisini B, dawa ya zamani ya fangasi inayotoboa vijitundu kwenye utando, ikawa njia mbadala ya baikaboneti kwenye seli za njia ya hewa za wagonjwa. pH ilipanda na uwezo wa kuua bakteria ukarudi. Tundu halina uhusiano na jeni, ndiyo faida yake. Kwenye jedwali ni safu ya sita, inaitwa "mlango bandia", na kwa sasa imefichwa.

Hali ya faili: vitelezi vinne vinafanya kazi, yaani CFTR, pampu, inflamesheni na dawa. Pumzi ina kitufe cha kuwasha na kuzima. Mwanafunzi akianza atakuta CFTR imefungwa na inflamesheni kwenye sifuri, kama kichanga. Akisogeza inflamesheni ataona pH ikirudi, na kisanduku kitamuuliza kama angemwambia mzazi kwamba pua ya mtoto sasa ni nzima. Kilichobaki ni mwenzangu kumalizia rangi, na mimi kuandika maelezo ya bafa ya pili kwa lugha ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa kwenye simu.